Sisi na Kile Chombo cha Nyotani

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona mtu wa chuoni, ambaye kazi yake ya kila siku ni alifu na bee, ameshika kalamu kuandika khabari za mchezo wa televisheni. Tena mchezo wa Kimarekani, tena wa watu wasafirio baina ya nyota. Wana haki ya kustaajabu. Sisi wenyewe twaliificha khabari hii kwa miaka mingi, wala tusingaliifunua lau si jambo lililotokea chuoni petu, ambalo tutalieleza litakapofika mahali pake. Kwa sasa na tuanze mwanzo.

Mwaka 1984 twalikuwa tumemaliza darasa la saba, na masomo yetu ya skuli yakaishia hapo. Mchana twalikuwa kwa sheikh wetu tukisoma vitabu, na usiku nyumbani kwa mjomba wetu, Mji wa Kale, Mombasa. Mjomba alikuwa baharia katika meli za mizigo. Safari moja alirudi kutoka Dubai na mashine ya video pamoja na kanda sita. Tano zilikuwa za Kihindi, nazo zikaazimwa na wanawake wa mtaani siku ile ile, wala hazikurudi. Ile ya sita haikutakwa na mtu. Juu yake paliandikwa Star Trek.

Mchezo huu, kwa asiyeujua, ulibuniwa na Gene Roddenberry, mtu aliyerusha ndege za vita, kisha akawa askari polisi wa Los Angeles, kabla ya kufanya kazi ya uandishi. Ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ukakatizwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, kwa kuwa wenye televisheni waliona watazamaji wake ni wachache. Lakini ulipokwisha kukatizwa ndipo ulipopata watu. Ukarudiwa na kurudiwa katika vituo vingine, hata mwaka 1976, Wamarekani walipotengeneza chombo chao cha kwanza cha majaribio cha aina ile iwezayo kwenda juu na kurudi, wapenzi wa mchezo walimwandikia Rais wao barua kwa maelfu, na chombo kikaitwa Enterprise, kwa jina la chombo cha mchezoni. Ni mara chache watu wa kweli kuazima jina kwa watu wasiokuwapo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Chombo kikubwa chenye watu zaidi ya mia nne kimetumwa safari ya miaka mitano kuzuru nyota zisizojulikana. Nahodha wake ni Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni mtu wa nyota nyingine. Masikio yake yamechongoka, wala hacheki. Tabibu ni McCoy, mtu ambaye hasira zake zi karibu kama mlango wa duka. Mshika sukani, Sulu, ana asili ya Kijapani. Na tangu mwaka 1967, siku ambazo Marekani na Urusi walikuwa wakitishana kwa mabomu, aliongezwa kijana wa Kirusi, Chekov, akaketishwa mbele ya nahodha kama mwenzao yeyote. Baadaye, tulipofika kusoma tafsiri ya Sura ya Al-Hujurat kwa sheikh wetu, mahali patajapo mataifa na makabila na kujuana, sisi fikira zetu zilikwenda kwenye chumba kile cha chombo. Hatukumwambia sheikh.

Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la saba, yaani cha kuombea ruhusa ya kwenda nje. Cha mjomba kilikuwa cha melini. Basi yeye ndiye aliyetufasiria, na kila kitu alikifasiri kibaharia. Nahodha asemapo peke yake mwanzoni mwa kisa, mjomba akatwambia kuwa hilo ni daftari la safari, na nahodha asiyeandika daftari si nahodha. Fundi wa mashine, Scott, aliyekuwa kila mara akilia kuwa mashine zake hazistahimili mwendo, alimpenda kuliko wote. Alikuwa akisema kuwa katika meli tatu alizotumikia hakuna ambayo haikuwa na fundi kama huyo.

Usiku mmoja tulifika katika kipindi kiitwacho The Man Trap, ambacho ndicho kilichotangulia kuonyeshwa ile 8 Septemba 1966. Mna kiumbe ndani yake kinyonyacho chumvi ya miili ya watu hata wafe, nacho hujigeuza sura, kila mtu akakiona kama moyo wake upendavyo. Katika chombo mna mwanamke mweusi, ambaye kazi yake ni kupokea na kupeleka maneno, jina lake Uhura. Kiumbe kile kikamtokea katika sura ya kijana mweusi mwenye haiba, kikamsemesha kwa Kiingereza, kisha kikageuza lugha. Mjomba alikuwa amekwisha kufungua kinywa atufasirie, mara akanyamaza. Akainuka, akairudisha kanda nyuma. Tukasikiliza tena. Akairudisha mara ya tatu.

"Mwanangu," akasema, "huyu asema Kiswahili."

Kiswahili chenyewe kilikuwa kibovu, cha mtu aliyekisoma katika karatasi bila ya kufundishwa na mwenyewe. Lakini kilikuwa Kiswahili. Kijana wa leo, azoeaye kuisikia lugha yake katika kila chombo, hawezi kujua jambo lile lilituingia namna gani. Sisi twalizoea kuwa lugha ya dini ni Kiarabu, lugha ya ofisi ni Kiingereza, lugha ya sinema ni Kihindi, na Kiswahili ni lugha ya kununulia samaki. Na huku lugha ya bibi yetu imefika nyotani, imekwisha kufika tangu kabla sisi hatujazaliwa, wala hakuna aliyetwambia. Usiku ule ndio uliotufunga na mchezo huu.

Khabari za jina la mwanamke yule tulizipata baadaye sana. Mchezaji wake, Nichelle Nichols, alieleza kuwa alikwenda kujaribiwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark juu ya Kenya iitwayo Uhuru. Neno likapendeza, lakini likaonekana kali kuwa jina la mwanamke, basi likalainishwa kwa kugeuzwa herufi ya mwisho. Sisi twaona hiyo si kulainisha, ni kuharibu, lakini hatukuulizwa. Katika mfululizo mpya ulioanza mwaka 2022 wamesema wazi kuwa Uhura ni mwana wa Kenya, naye ajua lugha 37.

Bibi huyo huyo alisimulia mara nyingi, hata alipofariki mwaka 2022, kuwa mwisho wa mwaka wa kwanza alitaka kuiacha kazi ile. Akakutana na Martin Luther King, akamwambia nia yake. King akamkataza. Akamweleza kuwa watu weusi hawajapata kuonyeshwa hivi, wenye akili na cheo sawa na wengine, na kuwa huo ndio mchezo ambao yeye na mkewe huwaruhusu watoto wao wautazame usiku. Tuliposoma maneno hayo tulisimama kidogo. King alikuwa mhubiri wa dini yake. Alikuwa akiutazama mchezo pamoja na watoto wake, mlango wazi.

Mlango wetu sisi ulikuwa na komeo. Sheikh wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliiona televisheni kuwa ni upuuzi ulao wakati wa ibada, na sisi tuliporithi chuo chake tulirithi na sheria yake: mwanafunzi aonekanaye katika banda la vidio apate viboko vitatu. Sheria hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa mabanda yale yalionyesha mambo machafu ambayo hatutayataja katika jarida la nyumbani. Tuliishika barabara. Kisha usiku, watoto wetu walipolala, tulikuwa tukiweka kanda, sauti chini, tukatazama.

Tulitazama mengi. Mfululizo wa pili, wa nahodha Picard, ulioonyeshwa Marekani tangu 1987 hata 1994, twaupenda kuliko wa kwanza, ijapokuwa mjomba hakuukubali abadan, kwa kuwa nahodha wake huketi kuzungumza wakati wa kupigana. Humo mna kipindi kiitwacho Darmok, cha mwaka 1991. Nahodha akutana na taifa lisilosema ila kwa kutaja majina ya visa vyao vya kale. Mashine ya kufasiri yafasiri kila neno, wala hakuna afahamuye kitu. Mwalimu yeyote wa tafsiri akitazame kipindi hicho. Ni kama Mswahili asemapo kuwa fulani ni Abunuwasi: asiyejua visa vya Abunuwasi atapata jina tu, maana yamemkimbia.

Na katika mfululizo wa kwanza, kile kiitwacho The Changeling, cha mwaka 1967, ndicho kitugusacho katika kazi yetu. Mashine moja yafuta ilimu yote kichwani mwa Uhura. Yule bibi mwenye cheo arudi kuwa kama mtoto, akafundishwa kusoma upya, neno baada ya neno, na akikwama Kiingereza hukimbilia Kiswahili. Hapo twamwona mwanafunzi wetu wa juzuu ya Amma, kidole juu ya mstari. Lakini tabibu asema kuwa baada ya wiki moja atarudi kazini kwake! Sisi tunao mtoto mwaka wa tatu sasa, na baina ya hee na khee bado hajapambanua.

Tusije tukadhaniwa kuwa twausifu mchezo kwa yote. Mavazi ya wanawake katika mfululizo wa kwanza hayafai kutazamwa na watu waketio pamoja wa nyumba moja, na nahodha Kirk hana haya kwa wanawake. Mwenye kuubuni hakuwa mtu wa dini, na katika chombo kile humwoni mtu asimamaye kusali. Hilo latusikitisha. Lakini jambo moja ni la ajabu: mara ngapi nahodha yule afika mahali akakuta watu wamenyenyekea mbele ya kitu wakidhani ni mungu, naye akitazama akaona ni mashine! Yumo hata mmoja wa miungu ya Mayunani wa kale atakaye asujudiwe na watu wa chombo. Nahodha akakataa, akataja kuwa mmoja awatosha. Aliyeandika huenda alikusudia jingine. Sisi tulisomeshwa kisa cha Nabii Ibrahim na masanamu ya watu wake, basi twaona tulichosomeshwa.

Tumefika sasa kwenye lile jambo.

Siku moja baada ya darasa, tulipokuwa tukingoja adhana ya Alasiri, mtoto mmoja wa miaka tisa alituuliza: mtu akiwa huko juu angani, kibla chake kiko wapi? Tulifurahi mno, kwa kuwa swali lile ni swali la fikihi la kweli. Tukamweleza khabari za Sheikh Muszaphar Shukor, daktari wa Malaysia, aliyepanda tarehe 10 Oktoba 2007, mwezi wa Ramadhani, na namna maulamaa wa nchi yake walivyoandika mwongozo: aelekee Al-Kaaba akiweza, asipoweza, aelekee sawa ya juu yake, asipoweza, aielekee ardhi, asipoweza, popote. Mtoto akayarudia yote bila ya kukosa. Na hapo, kwa furaha, mkono wetu wa kulia ukainuka wenyewe, vidole viwili huku na viwili huku, kama afanyavyo Spock akiwaamkia watu. Watoto wakacheka, wakajaribu. Tukawaonyesha. Na maneno ya Kiingereza yafuatiayo ishara hiyo, ya kuombea umri na neema, tukawafundisha pia.

Jioni ile mtoto aliingia kwao, baba yake ameketi na wageni. Badala ya kutoa salamu ya Kiislamu akainua mkono na vidole vyake, akasema maneno yale. Wageni wakacheka. Mmoja akasema kuwa hiyo ni ishara ya makuhani wa Kiyahudi. Baba akamuuliza mtoto aliyemfundisha. Mtoto akasema kweli.

Asubuhi mtoto hakuja. Wiki ya pili hakuja. Khabari zikatufikia msikitini, zimekwisha kunenepa njiani.

Tulitafuta asili ya ishara ile, jambo ambalo lilitupasa kulifanya kabla ya kumfundisha mtoto wa watu. Na yule mgeni alikuwa amesema sawa. Leonard Nimoy, mchezaji wa Spock, alieleza kuwa alipokuwa mtoto huko Boston alichungulia katika sinagogi wakati makuhani wakiwaombea watu baraka, akaona vidole vimegawanywa vile kwa mfano wa herufi yao ya shini, ambayo ni dada wa shini yetu. Makuhani hao hujihesabu kuwa ni kizazi cha Harun, na Nabii Harun twamtukuza. Hatukuona tusi ndani yake. Lakini salamu yetu tunayo, na mwalimu wa chuo si mtu wa kumweka mtoto salamu nyingine mahali pake, khasa asiyojua imetoka wapi.

Tukaenda kwa yule baba baada ya Isha. Naye alikuwa mwanafunzi wetu utotoni mwake. Alifungua mlango mwenyewe, akatubusu mkono kama ilivyo ada, na jambo hilo lilituuma kuliko lau angalitufukuza.

"Masalkheri, Maalim. Karibu ndani."

Tukaletewa kahawa. Tukamweleza asili ya ishara, tukakubali kosa letu. Akasikiliza hata mwisho.

"Maalim," akasema, "la vidole limekwisha. Mtoto hucheza. Mimi nina langu. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi. Ulinichapa viboko vitatu mbele ya wenzangu kwa kuwa nilionekana banda la vidio. Sikulalamika siku ile, wala leo silalamiki. Ada ya chuo naijua. Lakini mwanangu aniambia kuwa Maalim amependa mchezo huu tangu ujana wake. Basi nakuuliza, kwa heshima yako: siku zile, wewe usiku ulikuwa ukitazama nini?"

Twalikuwa na kikombe mkononi, tukakiweka chini. Tukamwambia kweli: kanda za Picard, nyumbani, mlango umefungwa.

"Basi vile viboko, Maalim, vilikuwa haki ya nani?"

Hatukuwa na jawabu. Tungeweza kumweleza uchafu wa mabanda, na maneno hayo ni kweli, lakini siyo aliyoyauliza. Katika wapenzi wa mchezo huu yumo hata Mfalme Abdullah wa Jordan, wa ukoo wa Bani Hashim, ambaye mwaka 1996 huo huo, angali mwana wa mfalme, alivaa nguo za chombo akaonekana katika kipindi kimoja bila ya kusema neno. Na yumo Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan, aliyecheza tabibu aitwaye Bashir kwa miaka saba. Hoja hizo tulikwenda nazo mfukoni. Tukaziacha mfukoni. Tukamwomba atusamehe.

Akatazama chini kwa muda mrefu. "Nitakusamehe, Maalim," akasema, "lakini si usiku huu."

Tukaaga. Twakiri kuwa njiani tulikuwa na hasira. Tulipofika nyumbani tulikuwa hatunayo tena.

Siku ya nane alikuja chuoni amemshika mtoto mkono, akatoa salamu, akasema mbele ya watoto wote kuwa ametusamehe, ili kama viboko vilivyokuwa mbele ya watu, na msamaha uwe mbele ya watu. Nasi papo hapo tukawaeleza watoto ishara ile imetoka wapi, na kwamba sisi tulikosa kuifundisha. Kisha yule baba akatwambia kwa sauti ndogo kuwa anataka kukiona hicho tulichokificha miaka yote hiyo.

Akaja Jumamosi baada ya Magharibi, yeye na mwanawe. Kanda za mjomba zililiwa na ukungu zamani, na mjomba mwenyewe yuko makaburini. Tukatazama katika kompyuta ya kijana wetu. Tukachagua The Man Trap. Tulipofika mahali pa yule kijana mweusi, tukasimamisha, tukawaambia watege masikio. Wakasikiliza. Baba akasema ametamka kitu kama tende. Mtoto akasema siyo, amesema mtende. Tukarudisha nyuma. Mke wetu akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema hicho si Kiswahili hata kidogo. Tukarudisha tena. Mara ikalia adhana ya Isha, tukainuka kwenda msikitini, na njia nzima wale wawili wakibishana kiumbe yule alimwambia Uhura nini.